Nani Ashike Ufunguo? Kanisa, Jamii na Biashara Nchini Mwetu Baada ya Vita, 1945–1963



Kamati ya Jubilii ilitupa kazi ya kuandika historia ya kwaya katika kijitabu hiki. Majina ya viongozi, safari za uinjilisti na kanda tulizorekodi mtayaona katika kurasa zinazofuata. Hapa tumeomba ruhusa ya kurudi nyuma zaidi, kabla kwaya haijazaliwa. Wazee waliotuanzishia kwaya miaka hamsini iliyopita walikuwa watoto na vijana katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kupenda kwao vikao na kumbukumbu za mkutano, sanduku la fedha lenye kufuli mbili na watu wawili wenye funguo, hata ukali wao juu ya shilingi moja isiyo na risiti, vyote vilitoka huko. Wengi wetu tulidhani ni tabia yao tu.

Tuna sababu nyingine pia. Mwaka huu tulipoleta hoja ya kununua mahema na viti vya kukodisha, baadhi ya washiriki walisema kwamba kanisa ni la ibada na biashara ikae sokoni. Neno hilo tunaliheshimu, na lina uzito wake kama tutakavyoona. Ila walipoongeza kwamba zamani haikuwa hivyo, tuliona afadhali tuitazame hiyo zamani yenyewe.

Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, wanaume wanaokaribia 100,000 kutoka Kenya walikuwa wamepita jeshini. Wazee waliliita jeshi hilo Keya, kutokana na herufi KAR. Walipigana na Waitaliano huko Ethiopia, wakapelekwa Madagascar, na mwaka wa 1944 wakapita katika matope na malaria ya Burma wakipambana na Wajapani. Si wote waliobeba bunduki. Wengine walikuwa madereva, makarani, wapishi, wauguzi, mafundi wa simu. Wengi walijifunza kusoma na kuandika wakiwa huko huko jeshini, na lugha ya amri na ya mazungumzo ilikuwa Kiswahili. Hilo tusilipite upesi. Mluo, Mkamba, Mgiriama na Mnandi walilala katika hema moja na kuelewana kwa Kiswahili wakati ambapo makanisa mengi yalikuwa bado yamegawana nchi, misheni hii huku na ile kule, kila moja na lugha yake ya kitabu cha nyimbo.

Waliporudi walikuwa na malipo ya kuachiliwa jeshini na mawazo ya kufungua duka, kuweka kinu cha kusaga mahindi, au kuungana watu kadhaa wanunue lori. Walikuwa wameona dunia. Walikuwa pia wamewaona Wazungu wakiogopa, wakijeruhiwa na kufa kama watu wengine, na baada ya hapo mtu haambiwi tena kwamba kuna kazi asizoziweza.

Lakini nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Duka lilihitaji leseni na kiwanja, na vyote viwili vilipitia kwa ofisa wa wilaya. Kahawa, zao lililokuwa na bei, Waafrika wa sehemu nyingi hawakuruhusiwa kuilima. Kulikuwa pia na sheria ya mikopo ambayo vijana wetu hawajawahi kuisikia. Mwenye duka la jumla akimkopesha Mwafrika bidhaa za zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya ofisa wa serikali, hakuweza kumshtaki mahakamani asipolipa. Serikali ilisema inamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Sasa fikirieni mwenye duka dogo kijijini. Muuzaji wa jumla hamkopeshi kwa sababu sheria haimlindi muuzaji. Benki haimtazami kwa sababu shamba lake halina hati ya kuweka rehani. Anabaki kununua kidogo kwa pesa taslimu, anabeba kwa baiskeli, na sukari ikiisha Jumatano anafunga mlango hadi apate pesa za kurudi mjini. Watu wanampita na kusema Mwafrika hajui biashara.

Mtu aliyekataa neno hilo kwa vitendo alikuwa mwalimu. Jaramogi Oginga Odinga alisomea Makerere, akafundisha Maseno katika shule ya misheni ya CMS, kisha akawa mkuu wa shule ya mifugo hapo hapo Maseno. Baada ya vita aliacha mshahara akaingia katika biashara. Alianza na chama cha kuweka akiba, na mwaka wa 1947 kikaandikishwa shirika lililoitwa Luo Thrift and Trading Corporation. Alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, popote palipokuwa na Waluo kazini, akiuza hisa kwa watu ambao wengi wao hawakuwa wameona karatasi ya hisa maishani mwao. Shirika lilifungua duka Maseno, na Nairobi likawa na mtambo wa kuchapisha magazeti, Ramogi Press, kazi aliyoifanya pamoja na Achieng' Oneko. Katika kitabu chake Not Yet Uhuru, kilichotoka mwaka wa 1967, anaeleza kwamba alichotaka hasa ni watu waone kwamba wanaweza kusimamia jambo lao wenyewe. Faida ilikuja baada ya hilo.

Na ni mtu huyo huyo aliyegombana na kanisa juu ya ubatizo. Yeye mwenyewe alikuwa amebatizwa Obadiah Adonijah, majina aliyoyaacha baadaye. Alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiluo alikataliwa, kwa kuwa desturi ya wakati ule ilidai jina la Biblia au la Kizungu. Leo tunabatiza akina Otieno, Wanjiru na Mutua kila Pasaka bila mtu kukohoa. Kwa maoni yetu duka na ubatizo vilikuwa swali moja kwa Mzee Odinga. Aliuliza ni nani aliyekabidhiwa ufunguo, na kwa nini daima awe mtu mwingine.

Mwingine aliyeuliza hivyo kwa njia tofauti alikuwa Bildad Kaggia. Alisoma katika shule ya misheni, akaenda vitani kama karani, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza. Aliporudi alijitenga na kanisa la misheni, akahubiri kwamba Mwafrika anaweza kuisoma Biblia na kumwabudu Mungu bila kusimamiwa na mmisionari. Watu wakaliita kundi lake Dini ya Kaggia. Baadaye aliingia katika vyama vya wafanyakazi Nairobi, na mwaka wa 1952 akawa mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria pamoja na Mzee Kenyatta. Mimbari, chama cha wafanyakazi, kizimba cha mahakama: mtu mmoja, na miaka isiyofika kumi.

Mombasa nako, Januari 1947, wafanyakazi zaidi ya 15,000 waligoma. Walikutana uwanjani wakapaita Kiwanja cha Maskini. Aliyekwenda kuzungumza nao ni Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1944. Naye alikuwa mwalimu aliyetoka katika shule za misheni. Mtatuvumilia tukisema kwamba katika miaka ile ilikuwa vigumu kurusha jiwe ndani ya mkutano wa siasa au wa biashara bila kumpiga mwalimu wa kanisa.

Sasa tuje kwa wale wanaoogopa biashara kanisani. Makampuni mengi ya Waafrika yaliyoanzishwa baada ya vita yalianguka katika miaka michache. Mengine yaliuawa na leseni na ukosefu wa mikopo, kama tulivyoeleza. Mengine yaliuawa kutoka ndani. Wanahisa walikuwa wengi mno na hakuna aliyejua nani anaamua. Pesa za mauzo zilihesabiwa kuwa faida, zikaliwa, na bidhaa mpya hazikununuliwa. Ndugu wa meneja alichukua unga kwa mkopo usioandikwa popote. Mwenye kinu alinunua kinu cha pili kabla cha kwanza hakijalipa gharama yake. Watu walipoteza akiba ya vita vizima, na uchungu huo uliingia katika familia. Mzee anayekataa mahema leo huenda alimwona baba yake akikunja karatasi ya hisa isiyo na thamani na kuiweka chini ya godoro. Hatuwezi kumwambia kwamba hofu yake ni ya bure.

Hapo ndipo Uamsho ulipogusa jambo hili, na kwetu sisi watu wa kanisa huenda ndiyo sehemu iliyosahauliwa zaidi. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukaingia Kenya mwaka wa 1937. Baada ya vita ulienea kwa nguvu, na mkutano mkubwa wa Kabete wa mwaka wa 1949 ulikumbukwa muda mrefu na waliohudhuria. Waliookoka waliungama dhambi mbele ya watu kwa majina yake, na aliyeungama alitakiwa kurudisha. Aliyeiba jembe alilibeba mabegani hadi kwa mwenyewe. Aliyedanganya kwenye mizani alikwenda kusema. Ndugu walikutana kila juma na kuulizana maswali ambayo leo tungeyaita ukaguzi wa hesabu. Hawakujali kama mtu ni Mwanglikana, Mpresbiteri au Mmethodisti. Wengi wao waliitazama siasa na mali kwa mashaka, na wakati mwingine walipita kiasi, wakaona dhambi hata mahali ambapo palikuwa na bidii tu. Lakini kwa kurudisha jembe walijenga kitu ambacho hakuna kampuni iliyoweza kukinunua. Watu walijua kwamba ukimwachia fulani sanduku, utalikuta kama ulivyoliacha.

Serikali nayo ilikuwa imepitisha sheria ya vyama vya ushirika mwaka wa 1945, iliyowafungulia wakulima Waafrika njia ya kuuza mazao pamoja. Kahawa iliporuhusiwa kwa upana katika miaka ya 1950, vyama hivi ndivyo vilivyopokea mbegu za kahawa, kupima na kulipa. Daftari la kila mkulima, mkutano mkuu wa mwaka, mwenyekiti, katibu na mhazini: mkitazama katiba ya kwaya yetu mtaona mpangilio ule ule.

Elimu tuipitie kwa ufupi, ingawa sisi tuliosomea ualimu tungependa kukaa hapo siku nzima. Watu wa Kati walichanga wenyewe kujenga shule zao huru, na chuo cha Githunguri, kilichoanzishwa mwaka wa 1939, kikajengwa kwa michango ambayo vikundi vya rika vilishindana kuitoa. Mzee Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka wa 1946 alikuja kukiongoza. Ripoti ya Beecher ya mwaka wa 1949 ilipotaka shule zisimamiwe kwa karibu zaidi, huku misheni zikiendelea kuwa na mkono mkubwa, walioendesha shule hizo waliikataa. Ni lile swali la ufunguo tena. Watu hawakukataa masomo ya misheni. Walitaka wajengao shule wawe na sauti ndani yake.

Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa. Shule huru na Githunguri zikafungwa. Kufikia mwaka wa 1955 watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kuishi katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miiba. Tunaandika haya kwa uangalifu, kwa sababu kati ya watakaosoma kijitabu hiki wamo waliozaliwa ndani ya vijiji hivyo, na wamo ambao babu zao walikuwa pande mbili tofauti. Kanisani benchi moja lilikaliwa na mwenye mume kizuizini na mwenye mwana homgadi, nao wakaimba wimbo mmoja. Ndugu wengi wa Uamsho walikataa kula kiapo, na wengi wa hao hao wakakataa pia kushika bunduki ya serikali. Baadhi yao waliuawa. Kwa upande wa misheni, wapo waliokaa kimya mno juu ya yaliyotendeka kambini na vijijini. Wapo pia waliosema, na mwaka wa 1955 CMS ilitoa kijitabu kule Uingereza kuishutumu hali hiyo. Kuna nyumba ambazo ukimya ule haujasamehewa hadi leo, nasi hatuoni haki ya kuziharakisha.

Wanawake ndio waliobeba mzigo wa miaka hiyo. Wanaume walikuwa msituni, kizuizini au mjini, na wao wakachimba handaki mchana, wakapika usiku, wakalea. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza karibu na mwanzo wa hali ya hatari kutokana na mafunzo ya Jeanes School pale Kabete, vilitumiwa na serikali kuwavuta wanawake upande wake, na hilo lisifichwe. Lakini mama akishajifunza kushona, kuendesha kikao na kuandika orodha ya michango, maarifa hayo hayarudi kwa serikali. Yalihamia katika umoja wa akina mama kanisani, katika vyama vya kuzungushiana fedha, na baadaye katika kwaya. Sare yetu ya kwanza ilishonwa na mikono ya namna hiyo, bila kumlipa fundi.

Katikati ya giza hilo kulikuwa na siku moja ambayo wazee waliitaja kwa furaha. Tarehe 15 Mei 1955, katika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, Askofu Mkuu Geoffrey Fisher wa Canterbury aliwaweka wakfu maaskofu Waafrika, na wawili kati yao walitoka Kenya: Festo Olang' na Obadiah Kariuki. Kariuki alikuwa mtu wa Uamsho, na pia shemeji ya Mzee Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa kifungoni. Jambo hilo linaeleza miaka ile vizuri kuliko hotuba. Wapresbiteri nao waliungana mwaka wa 1956, kanisa la Waafrika na lile la walowezi wa Kiskoti, likawa kanisa moja. Waquaker wa Kaimosi walikuwa wamepata mkutano wao wa mwaka wenye mamlaka tangu 1946. Funguo zilianza kubadilisha mikono, moja moja, tena kanisani kabla ya serikalini.

Je, na uimbaji? Kwanza tulipata maneno. Mwaka wa 1952 Biblia ya Kiswahili iliyoitwa Union Version ilitoka, ikichukua nafasi ya tafsiri za Mombasa na Unguja zilizokuwa zikitumika mbali mbali, na tangu hapo Mpwani na mtu wa bara wakaweza kukariri zaburi moja kwa maneno yale yale. Pili, jeshi lilikuwa limeleta gitaa. Fundi Konde, aliyekuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa vita, alirudi akapiga muziki uliofanya vijana wacheze hadi kumbi za Nairobi zifungwe. Wazee wa kanisa waliliita gitaa chombo cha dunia. Ngoma ilikuwa imeshaitwa ya kishenzi na wamisionari wengi. Kilichobaki kwa kwaya ni solfa, do re mi, ambayo kila mwalimu aliyepita chuo cha misheni aliijua, na nyimbo za Kizungu ambazo maneno ya Kiafrika yalilazimishwa kufuata, lafudhi ikipanda mahali ambapo inafaa kushuka. Wazee wetu waliimba hivyo kwa uaminifu, na bado tunaimba baadhi yake kwa sababu tunazipenda. Ila mtoto akicheka namna neno linavyovutwa, hana kosa.

Mwaka wa 1963 watu watano walipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Kalume alikuwa mtumishi wa kanisa. Waliacha nyimbo za Ulaya wakachukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, wakaupanga kwa sauti kama kwaya inavyopanga, na maneno wakayafanya kuwa sala. Waanzilishi wetu walikuwa vijana usiku bendera ilipopandishwa, na wimbo huo walijifunza kwa solfa ubaoni.

Miaka kumi na kitu baadaye wakaanza kukutana Jumamosi alasiri nyuma ya kanisa. Kitu cha kwanza walichokinunua hakikuwa kinanda wala kitambaa cha sare. Kilikuwa daftari la hesabu, na risiti yake imebandikwa ukurasa wa kwanza. Siku ya sherehe daftari hilo litakuwa mezani kwa mhazini, pamoja na hesabu za mwaka huu na makadirio ya mahema, kwa yeyote atakayetaka kusoma kabla ya mkutano mkuu.